"Amezama": kisa cha binti wa kidato cha tatu Ujiji, na kosa nililofanya mimi mwalimu wake

Naandika hiki kisa kwa ruhusa ya binti mwenyewe na mama yake. Nitamuita Zaituni, sio jina lake, na vile vitu ambavyo mtu wa Ujiji akisoma angejua ni nyumba gani nimevitoa. Mimi nafundisha Baiolojia na nimepewa pia kitengo cha malezi na unasihi, shule ni ya kutwa, watoto wengi, kidato cha tatu unakuta wamekaa watatu kwenye dawati la wawili. Nasema hivyo mapema maana mengine yaliyotokea huwezi kuyaelewa bila kulijua hilo darasa lilivyo.

Ilikuwa mwezi wa pili, Jumanne, kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko. Topiki ni koodinesheni, tumefika kwenye homoni, nimeandika adrenalini ubaoni na nawaelezea kwamba ukikutana na mbwa mkali mwili unamwaga hii kitu kwenye damu, moyo unakimbia, viganja vinatoka jasho, mwili unajiandaa kukimbia au kupambana. Nikamnyanyua Zaituni aniambie hiyo homoni inatoka kwenye tezi gani. Akasimama. Akabaki amesimama tu, ananiangalia lakini macho hayanifikii, yani kama anaangalia kitu kiko nyuma yangu kwa mbali. Biro ikamdondoka, hata hakuangalia imeangukia wapi. Darasa likaanza kucheka kidogo kidogo. Mimi nikasema, "Zaituni, unanidharau?" Kimya. Nikamfuata nikiwa nimekasirika kweli, na nilipofika karibu ndo nikaona mkono wa kushoto umeshika ukingo wa dawati, kaubana mpaka kucha zimekuwa nyeupe, na kifua kinapanda na kushuka haraka haraka kama mtu aliyepandisha kutoka stesheni ya Kigoma mpaka Mwanga na ndoo kichwani.

Nafundisha adrenalini na adrenalini imesimama mbele yangu, sikuiona. Hilo linaniuma mpaka leo.

Baadae nikaulizia ofisini, nikakuta sio mara ya kwanza. Mwalimu mmoja alishamchapa kwa hilo hilo, la "kumkodolea macho mwalimu na kugoma kujibu", na alimchapa hapo hapo darasani. Waraka wa wizara wa mwaka 2002 uko wazi, viboko havizidi vinne, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyekabidhiwa naye kwa maandishi, na inaandikwa kwenye kitabu. Lakini hata tuseme taratibu zote zingefuatwa, unamchapaje mtoto ambaye muda ule hausikii hata mwili wake? Zaituni aliniambia zile fimbo alizisikia kama zinampata mtu wa jirani. Aliogopa zaidi kwa sababu hazikumuuma.

Tuliongea siku mbili baadae, nyuma ya maabara, kuna mwembe pale watoto hawafiki sana. Sikumuuliza "una tatizo gani", nilimuuliza siku ile alikuwa anaona nini na anasikia nini. Akakaa kimya muda mrefu anachora chini na kijiti. Alafu akasema hivi, nilikuja kuandika usiku ule ule nisisahau:

"Madam, ushawahi kuzama ziwani ukafumbua macho? Unaona jua kule juu, unaona mtumbwi kwa chini, watu wanaongea unasikia ila maneno hayafiki. Ndo inakuwa hivyo. Nyie mko juu, mimi niko chini. Na mikono naiona ila sio yangu."

Kuanzia siku hiyo neno letu likawa hilo, kuzama na kuibuka. Nimekuja kusoma maelezo mengi ya kitabibu kuhusu hii hali, madaktari wanaiita disosiesheni, lakini sijaona sentensi iliyoniingia kama ya huyu mtoto aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika.

Nikamuuliza pia yale mawili ambayo mwalimu yeyote akiwa na mtoto wa hivi lazima ayaulize, ayaulize kwa maneno ya wazi, wakiwa wawili tu na bila kuonyesha mshtuko. La kwanza kama kuna mtu yeyote nyumbani, njiani au shuleni anamfanyia kitu kibaya au anamshika. La pili kama huwa anafikiria kujidhuru au kufa. La kwanza alisema hakuna, na nimemuuliza tena kwa nyakati tofauti, jibu ni lile lile. La pili akasema, "Sitaki kufa madam, nataka tu hiki kitu kiishe." Nasisitiza hili maana watu wazima wote tulianza kutafuta jambo moja kubwa lililojificha, nani kamfanya nini, na kuuliza lazima uulize kwa sababu wapo watoto wengi ambao kweli lipo. Kwa Zaituni halikuwepo. Kulikuwa na vitu vidogo vingi vilivyorundikana. Anaamka saa kumi usiku kumsaidia mama kabla mama hajaenda Kibirizi kuchukua dagaa, anatembea kuja shule na chai ya rangi tu tumboni, usiku anasoma mpaka saa sita akinywa zile enaji za chupa ndogo asisinzie, na masomo karibu yote ni kwa Kiingereza wakati miaka saba ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Alafu siku moja mwezi wa kwanza, kwenye testi ya Hesabu, moyo ulimwenda mbio bila sababu anayoijua, akahisi anakufa. Hakufa. Ila kuanzia hapo akawa anaiogopa ile hali yenyewe irudi, na ukiwa unaiogopa unaisikilizia, na ukiisikilizia inakuja.

Nieleze kidogo mwili unachofanya, maana mimi mwenyewe nilikuwa najua vipande na sikuwahi kuviunganisha. Hofu ikipanda mtu anapumua haraka na juu juu bila kujua. Ukipumua hivyo unatoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, kiwango chake kwenye damu kinashuka, mishipa ya damu inayopeleka ubongoni inasinyaa kidogo, ndo unapata kizunguzungu, vidole na midomo vinakufa ganzi, vitu vinaonekana kama sio vya kweli. Hapo hapo ubongo ukiona hofu imezidi na huwezi kukimbia wala kupambana, na mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa atakimbilia wapi, unazima baadhi ya hisia ili hofu isikulemee. Ni ulinzi. Kwahiyo yale macho ya mbali niliyoyaita dharau ulikuwa mwili unamlinda mwenye mwili. Na kwa wengi wimbi la paniki linafika kileleni ndani ya dakika kumi hivi alafu linashuka lenyewe, hata usipofanya kitu. Hilo la mwisho ndo Zaituni alinirudishia mara tatu, "kwahiyo hata nikikaa tu itaisha?" Itaisha.

Nyumbani. Anaishi na mama na bibi yake mzaa mama. Nilienda Jumamosi moja jioni, bibi akanipokea vizuri sana, akaniambia moja kwa moja mjukuu wangu ana jini wa majini, alipokuwa mdogo alikuwa anaoga ziwani jua likizama. Walishamnywesha kombe, yani maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, na walishamfukiza mafusho amefunikwa blanketi. Sikubishana na bibi, na wala sijutii kutokubishana. Nilimuuliza Zaituni mbele yake, ukisomewa dua unajisikiaje? Akasema anatulia, sauti ya bibi inamrudisha. Na mafusho? Akainamisha kichwa, akasema chini ya lile blanketi alizama kuliko siku zote. Ukiangalia ni rahisi, mtoto ambaye shida yake ni pumzi unamfunika na moshi. Nikamwambia bibi, shikilia dua bibi yangu, usiache, ila blanketi na moshi tuviweke pembeni mpaka daktari amuone. Akafikiri kidogo akasema, "Haya mwanangu, kama kusoma kwangu kunamfaa nitasoma." Nilitegemea mabishano ya saa nzima.

Hospitali mama alimpeleka mwezi wa tatu. Walimpima malaria, wingi wa damu na sukari, kisha daktari akauliza maswali ambayo nayaandika hapa kwa sababu yanatenganisha vitu: je akiwa kwenye ile hali anakumbuka baadae kila kitu au kuna kipande kimepotea, anang'ata ulimi, anajikojolea, mwili unarusharusha, alishawahi kuumia kichwa, anasikia sauti za watu wasiokuwepo, anavuta au kunywa chochote. Lengo ni kuangalia kama ni kifafa, kuna kifafa ambacho mtu haanguki, anaduwaa tu, au ugonjwa mwingine. Zaituni anakumbuka kila kitu, hata nani alicheka. Mambo mengine yote hakuna, isipokuwa damu ilikuwa chini kidogo, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Daktari akasema ni wasiwasi uliopitiliza unaokuja na kuzama huku, dawa ya akili hakumpa kwa kuanzia, akampangia kliniki ya afya ya akili na akasema aendelee na shule.

Hapo kwenye "aendelee na shule" ndo nilipokosea.

Mimi niliona huruma. Nikatoa maelekezo kwamba Zaituni akijisikia vibaya atoke darasani aje ofisini kwangu, na kama haijatulia aende nyumbani. Niliona nimefanya la maana, nikawaambia na walimu wenzangu. Nilikuwa naandika kwenye daftari kila alipotoka, na hilo daftari ndo likaja kunisuta. Wiki ya kwanza ya mwezi wa nne alitoka mara moja. Mwisho wa mwezi mara tatu kwa wiki. Mwezi wa tano kuna wiki aliingia darasani siku mbili tu, hizo nyingine alikuwa anafika getini, anageuza. Na kila akitoka anapata nafuu papo hapo, anatabasamu kabisa, kwahiyo wote tukaamini kutoka ndo dawa.

Kumbe ile nafuu ndo inayomfundisha ubongo kwamba darasa ni hatari. King'ora kimelia, umekimbia, umepona, basi ubongo unaandika: tumepona kwa sababu tumekimbia, kesho nilie mapema zaidi. Hakuwahi kukaa mpaka aone wimbi linashuka likiwa limemkuta pale pale kwenye dawati. Mtaalamu wa kliniki alipoliona daftari langu hakunilaumu, alinionyesha tu kwa kidole jinsi tarehe zilivyokuwa zinasogeleana, nikaona mwenyewe.

Tukafunga shule mwezi wa sita, tukakaa mimi, mama, Zaituni na yule mtaalamu tukapanga upya, shule ilipofunguliwa mwezi wa saba tukaanza. Sheria kubwa ikawa hii: akizama anazamia darasani na anaibukia darasani. Hatoki. Ila tunamrahisishia pale ndani. Atakaa dawati la mlangoni mwanzoni, alafu kila baada ya wiki mbili anasogea dawati moja kuelekea katikati, yeye ndo anaamua siku. Walimu hawamnyanyui kwa kushtukiza, mwalimu anamwambia mapema, "swali la tatu ni lako." Akianza kuzama anasimamisha biro nyekundu kwenye mfuniko wa mkebe, mwalimu akiiona anaendelea kufundisha kama kawaida, hamsemeshi, hamkodolei.

Na ile biashara ya kuibuka. Tulianza na ile njia ya kutaja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, inasaidia watu wengi, lakini yeye ilimshinda, akifika kwenye tatu anachanganyikiwa, na kuchanganyikiwa kunamuongezea hofu kwamba hata dawa nimeikosea. Tukaipunguza. Akawa na kokwa la chikichi mfukoni mwa sketi, lile kokwa gumu ambalo ndani yake ndo wanatoa mise, kile kiini cha mafuta, ambalo bibi yake amelisugua mchanga mpaka limekuwa jeusi linang'aa, ila upande mmoja lina makwaruzo. Akizama analishika, anatafuta ule upande wenye makwaruzo kwa kidole gumba. Miguu miwili anaikandamiza chini. Alafu anajisemea kimoyomoyo sentensi moja, "Niko Ujiji, leo Jumanne, hiki ni kipindi cha Jiografia." Basi. Sijui kwa mtu mwingine itakuwaje, kwake hiyo sentensi fupi ndo ilikuwa kamba ya kumvuta juu.

Pumzi nayo tuliibadilisha. Sisi wote tulikuwa tunamwambia "vuta pumzi ndefu, vuta tena", na ile inamzidishia, maana anavuta kwa nguvu na kutoa kwa nguvu na hewa ukaa inazidi kutoka. Sasa tunamwambia toa. Vuta kawaida kwa pua ukihesabu nne, toa taratibu kama unapoza uji ukihesabu sita. Ukiwa karibu na mtoto wa hivi usimwambie avute, mwambie atoe polepole.

Rafiki yake wa dawati, nitamuita Rehema, tulimfundisha naye. Asimtikise, asimmwagie maji, asiite watu. Amtaje jina kwa sauti ya chini na amuonyeshe ukurasa walipofika. Huyu Rehema alifanya kazi ambayo mimi na vyeti vyangu nisingeweza, kwa sababu yeye ndo yuko pale kila kipindi.

Kulikuwa na upinzani. Baadhi ofisini walitaka Zaituni akae nyumbani mpaka apone kabisa "asije akaambukiza wengine", na wanayo sababu ya kuogopa, wote tunajua shule ambazo mabinti wameanguka mmoja baada ya mwingine. Mfano mkubwa kabisa uko nchi hii hii, mwaka 1962 kule Kashasha karibu na Bukoba, shule ya bweni ya wasichana, walianza watatu kucheka na kulia bila kujizuia, ikafika 95 kati ya wanafunzi 159, shule ikafungwa. Lakini hiyo hali hailetwi na mdudu, inasafiri kwa hofu ya wengi wanaoangaliana. Watu wakikusanyika, wakipiga kelele, wakimbeba mtoto mbele ya wenzake, ndo unaitengenezea njia. Mtoto anayezama kimya kwenye dawati lake na mwalimu anaendelea na somo, anamuambukiza nani? Mkuu wa shule alinisikiliza, akasema tujaribu muhula mmoja. Namshukuru kwa hilo.

Enaji aliacha kabisa, hiyo ilikuwa amri, kafeini iliyomo inapandisha mapigo ya moyo na yeye akisikia moyo tu anajua inakuja. Usingizi ulikuwa mgumu zaidi maana ile saa kumi sio starehe, ni biashara inayolisha nyumba. Mama yake akasema, "Mwalimu, mimi nikimuacha alale nani atanishikia?" Sikuwa na jibu. Walikubaliana wenyewe kwamba siku za testi halali pungufu ya masaa saba na binamu yake anamshikia, siku nyingine kama kawaida ila kusoma mwisho saa nne usiku. Na asubuhi kipande cha muhogo au kiporo kabla hajatoka.

Wiki mbili za kwanza za mwezi wa saba zilikuwa mbaya, lazima niseme ukweli. Alizama karibu kila siku, siku moja alilia machozi yanadondoka kwenye daftari huku mwalimu anaendelea kufundisha, na mimi niko dirishani naangalia, nusura niingie nimtoe. Sikuingia. Baada ya kama dakika saba nikamuona anafuta daftari kwa kiganja, anamuuliza Rehema kitu, anaanza kuandika. Alinifuata mapumziko anakimbia, "Madam imeshuka! Imeshuka nikiwa ndani!"

Mwezi wa tisa ilikuwa mara moja kwa wiki, wiki nyingine hakuna. Mwezi wa kumi ikarudi, mwalimu mmoja alisoma maksi za testi kwa sauti kuanzia wa mwisho, na Zaituni alikuwa wa nne kutoka chini, wiki mbili akarudi dawati la mlangoni. Hatukuhesabu kama ameanza upya, alisogea tena mwenyewe Jumatatu iliyofuata, madawati mawili kwa mpigo. Mtihani wa mwisho wa mwaka alizama kwenye Hesabu, akaniambia alikaa na kokwa mkononi bila kuandika mpaka msimamizi akatangaza zimebaki saa mbili, kisha akaibuka akafanya. Alipata D. Baiolojia alipata B.

Sasa hivi yuko kidato cha nne, anakaa safu ya katikati, dawati la tatu. Bado anazama, mwezi uliopita mara mbili. Kliniki yake ni Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi, mama siku hiyo ana mzigo wa dagaa unaingia Kibirizi na hawezi kuuacha, kwahiyo nimebadilishana vipindi na mwalimu wa Kiswahili ili niende naye mimi.